Mtoto Aliyekataa Shule Kubwa

Mama Émérence alikuwa amezoea watoto kulia siku za kwanza za shule. Aliwajua wanaolia kwa kelele na wanaolia kimyakimya huku wameng'ang'ania kikwembe cha mama. Alijua pia kwamba ukiwaacha kidogo, ukawapa mchanga wa kuchezea na kopo la kuchotea, jua halifiki utosini kabla hawajasahau. Kitu ambacho hakuwa amekizoea ni mtoto anayerudi. Watoto wakishatoka kwake, wakishavaa shati jeupe na sketi ya buluu ya shule kubwa, walimpita njiani kwa haraka, na baada ya miezi michache hata salamu yao ilikuwa ya kulazimisha. Ndivyo ilivyokuwa tangu alipoanza kazi, mji wa Kalemie ulipokuwa bado unaitwa Albertville.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Septemba, miaka ya themanini ikiwa ndiyo kwanza imeanza, alipomkuta Bertille amesimama kwenye mlango wa gardieni, shule yake ya wadogo, akiwa na sare mpya ya shule kubwa, alidhani mtoto amekosea njia. Gardieni ilikuwa chini ya kilima cha kanisa, karibu na kambi ya wafanyakazi wa reli. Shule kubwa ilikuwa juu, na njia ya kwenda huko ilipita hapohapo mlangoni.

"Umepotea, mama?" akamwuliza. Watoto wote wa kike aliwaita mama.

"Hapana, Mama Émérence. Nimekuja masomo."

"Masomo yako sasa njo kule juu, kwa Mwalimu Siméon."

"Yangu njo hapa," Bertille akasema, kwa sauti ya mtu anayemsahihisha mwenzake bila ugomvi.

Mama Émérence aliwaacha wadogo na msaidizi wake, akamshika Bertille mkono, wakapanda kilima. Alipanda polepole. Miguu yake ilikuwa inavimba tangu masika iliyopita, na siku hizi hata uchovu wa jana ulikuwa haumwachi akilala. Mtoto alitembea pembeni yake bila kusema kitu, akiruka mawe.

Mwalimu Siméon alikuwa kijana mwembamba, mpole, darasa lake limejaa hadi watoto wengine wamekaa chini. Alipomwona Bertille alishika kichwa.

"Kumbe njo huyu Ngoie? Jana nimeita jina lake nikachoka, hakuitika. Nikaandika kwamba hayupo. Na alikuwa amekaa hapa mbele yangu."

"Hajui kama anaitwa Ngoie," Mama Émérence akasema.

Siku hizo serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo. Nyumbani na kanisani watu waliendelea kuitana Valère na Marceline kama kawaida, lakini katika karatasi za shule na za biro za serikali mtu aliandikwa kwa jina la ukoo. Gardieni hakuna aliyejali, watoto waliitwa kama mama zao walivyowaita. Mama Émérence aliinama akamweleza Bertille kwamba huku juu Ngoie ndiye yeye. Bertille alimsikiliza, akamtazama Mwalimu Siméon, akaketi. Hakukubali wala hakukataa.

Kesho yake alikuwa tena mlangoni pa gardieni. Na keshokutwa. Kila mara Mama Émérence alimpandisha kilima, na kila mara mtoto alikwenda naye bila ukaidi, kama mtu anayemsindikiza mgeni. Adhuhuri ilipofika, shule kubwa ikiwa bado haijapiga kengele, Bertille alitoroka, akashuka mbio, akaja kusimama katikati ya kina mama waliokuja kuchukua watoto wao wadogo. Alisimama kwa adabu, mikono nyuma, akiangalia njia. Mama wa mwisho akishaondoka na mtoto wa mwisho, naye alijipangusa vumbi la viatu akaenda zake nyumbani, kambi ya reli.

Juma la pili Mama Émérence alichoka kupanda. Siku hiyo alimwacha Bertille akae naye kwenye kibao cha nje wakati wadogo wakichora kwa chaki sakafuni.

"Sema kweli," akamwambia. "Kule juu wanakupiga?"

"Hapana."

"Watoto wanakucheka?"

"Hapana. Mwalimu Siméon ni muzuri."

"Sasa unarudi hapa kufanya nini?"

Bertille alimtazama kwa mshangao kidogo, kana kwamba jambo hilo kila mtu alilijua.

"Mama alisema shule ikifunguliwa, atakuja kunichukua pa mlango. Alisema vile wakati anapanda boti. Huku mlangoni, si kule. Mlango wa kule haujui. Na akienda kule akauliza Bertille, watamwambia hakuna Bertille, kuna Ngoie. Atarudi nyumbani peke yake."

Mama Émérence alikuwa na kipande cha chaki mkononi. Akakiweka chini.

Alijua habari za Marceline, mama wa Bertille, kama parokia nzima ilivyojua. Marceline alikuwa amepanda boti ya Moba mwezi wa saba, tumbo likiwa kubwa, akaenda kujifungulia kwa mama yake, huko Mpala. Habari ilikuja kwa foni, ile redio ya misheni: alivuja damu, alifariki, amezikwa. Padri alimtaja katika misa. Bertille wakati huo alikuwa Ankoro na shangazi yake Godelieve, na matanga yalikaliwa nyumbani kwa mjomba wa Marceline, mtaa mwingine kabisa. Mtoto aliporudi, mikeka ilikuwa imeshakunjwa. Mama Émérence alidhani wamemwambia. Haikumjia akilini kwamba wangeweza kutomwambia.

Akamtazama mtoto paji la uso. Lilikuwa pana, lenye kishimo kidogo karibu na nyusi, lilelile la Marceline. Maana Marceline naye alipitia darasa hilihili, enzi masista walipokuwa bado wanafundisha, akiwa na kaptura ya kaka yake kwa sababu nguo ya kike alikuwa ameichana. Hiki ndicho kilichomchosha Mama Émérence kuliko kupanda kilima. Watoto wake walikuwa na miaka mitano, na mwaka uliofuata walikuwa na miaka mitano tena, na mwaka mwingine vilevile. Nyimbo ni zilezile, mchanga ni uleule. Aliyekuwa anapita ni yeye. Na mara kwa mara mmoja wa wale wa zamani alikuja mlangoni na mtoto wake mgongoni, na mwingine hakuja tena.

"Papa anasema nini?" akauliza.

"Papa anasema mama atarudi mvua ikianza. Sasa barabara ni muchanga tupu, gari zinakwama." Bertille akafikiri. "Lakini boti haipiti barabarani. Papa amesahau."

Jumapili baada ya misa Mama Émérence alikwenda kambi ya reli. Nyumba za kambi zilikuwa zimepangwa mistari, ukuta kwa ukuta, na ya Papa Valère, baba wa Bertille, ilikuwa karibu na mwisho, na mti wa ndimu mbele. Papa Valère alikuwa fundi wa breki wa treni. Alikuwa mtu mkubwa, mabega mapana, lakini siku hiyo alikaa kwenye kiti kama amewekwa pale na watu wengine. Nywele zake alizonyoa kwa msiba zilikuwa zimeanza kuota. Mtoto alipomwuliza kwa nini amenyoa, alimwambia ni joto.

Bertille alikuwa ametumwa kwa jirani. Shangazi Godelieve aliketi mlangoni akichambua majani ya sombe, akisikiliza.

"Papa Valère," Mama Émérence akaanza, "mutoto anamungoja mama yake pa mlango wangu kila siku."

"Najua."

"Unajua, na unamuacha?"

Shangazi Godelieve alijibu kabla ya kaka yake. "Mutoto wa umri ule hajui kifo ni nini, Mama Émérence. Ukimwambia, unamutia ugonjwa bure. Atakua, atajua mwenyewe polepole. Sisi wote tulikua vile."

"Atajua kwa midomo ya watoto wenzake. Siku moja, uwanjani."

"Basi Mungu atakuwa amependa."

Papa Valère alikuwa anatazama mikono yake. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini, na hakuwa anamjibu dada yake.

"Mimi sikuona kaburi, Mama. Treni yetu iliharibika Kabalo. Nilipofika hapa walikuwa wamekwisha kumuzika, na boti ya kwenda kule ilikuwa imeondoka. Waliniambia tu. Padri aliniambia, mjomba wake aliniambia, watu wakaja kunishika mkono. Lakini mimi niliyemuona njo yule aliyepanda boti na kitunga chake, akanipungia kitambaa. Saa ingine mutoto akiniuliza, nikimujibu mama amesafiri, naona kama sisemi uongo. Naona kama nasema ile niliyoiona."

Mama Émérence alikuwa amekuja na maneno makali, akayatafuta, hakuyaona.

"Na mutoto aliyezaliwa?" akauliza mwishowe.

"Yuko hai. Mwanaume. Bibi yake anamulea kule Mpala, kuna mama mumoja anamunyonyesha."

"Naye Bertille hamujui?"

"Nitamwambiaje? Nikimwambia una ndugu, ataniuliza, basi aliyemuzaa iko wapi."

Shangazi Godelieve alitupa mashina ya sombe uani. Mama Émérence aliaga. Njiani kurudi alijiambia kwamba mtoto si wake, ukoo si wake, na kwamba mtu mwenye darasa zima la watoto hana nguvu za kubeba na wa darasa la mwingine. Alijiambia hivyo mpaka nyumbani, na alipofika alikaa kitandani na viatu vyake miguuni, muda mrefu, bila hata kuwasha moto wa kupikia bukari.

Mvua ilichelewa mwaka ule. Mwezi wa kumi ulianza na vumbi, ziwa limetulia, jeupe kama bati, milima ya ng'ambo haionekani. Bertille aliendelea kuja. Wadogo walimzoea, wakadhani ni msaidizi, wakamletea kamasi zao awafute. Mwalimu Siméon naye alizoea, akaacha kuuliza. Mama Émérence aliona jinsi watu wazima wote walivyokuwa wanazoea, na yeye miongoni mwao, na kwamba ilikuwa rahisi. Mtoto alikuwa hasumbui. Alisubiri vizuri.

Kisha mvua ikanyesha. Ilianza alfajiri, ikapiga mabati mpaka watu hawakusikilizana, na ilipopungua Bertille alitokea mlangoni ameloa kabisa, anacheka. Mama Émérence hakuwa amemwona akicheka tangu shule ifunguliwe.

"Mama Émérence, mvua imefika."

Maji yalikuwa yanaingia darasani kupitia pembe ya paa. Msaidizi hakuja. Wadogo wawili walikuwa wamelowana na mmoja amejikojolea kwa sababu ya radi. Mama Émérence alikuwa na ndoo mkononi na tambara begani.

"Nimeiona, mama. Nenda masomo, tafadhali. Leo sina nguvu ya kupanda na wewe. Nenda peke yako."

Bertille akasema ndiyo, akaenda. Mama Émérence hakumtazama anaelekea upande gani.

Adhuhuri kina mama walikuja, wakachukua watoto wao, na Bertille hakuwepo kati yao. Mama Émérence aliliona hilo kwanza kama nafuu. Alifagia maji, akafunga dirisha, akasimama na ufagio. Kisha akauacha ufagio ulipo, akapanda kilima.

"Leo hakuja," Mwalimu Siméon alisema. "Nilifikiri umemuacha akae kwako."

Papa Valère alikuwa njiani na treni. Shangazi Godelieve, alipoambiwa, alitoka akiita jina la mtoto nyumba kwa nyumba, mkono kichwani. Mama Émérence hakuita. Alikuwa amekumbuka neno la mtoto: boti haipiti barabarani. Akageuka, akashika njia ya bandari.

Boti ya Moba ilikuwa imefika asubuhi, baada ya mvua. Bandarini kulikuwa na matope na kelele, vitunga vya ndakala, samaki wadogo wakavu, magunia ya mihogo na maharagwe, mbuzi waliofungwa miguu, watu wanagombania mikokoteni. Askari wa mlangoni alimfahamu, mtoto wake alikuwa amepita gardieni, akamwacha aingie. Alitembea kati ya magunia akiangalia chini, kwa sababu alikuwa anamtafuta mtu mfupi.

Alimkuta Bertille amekaa juu ya gunia, karibu na mama mmoja mchuuzi wa samaki. Sketi yake ilikuwa imekauka nusu. Mkononi alikuwa na kipande cha muhogo wa kuchoma.

"Huyu ni wako?" mchuuzi akauliza. "Masikini, tangu tumeshuka anauliza kila muntu kama amemuona mama yake. Nimempa chakula. Nimemwambia asilie, pengine atakuja na boti ya kesho."

Alisema kwa wema. Mama Émérence aliona mbele yake boti ya kesho, na ya juma lijalo, na kila boti ina mtu mwenye huruma anayeshuka na kusema pengine. Akaketi juu ya gunia, kando ya mtoto. Magunia yalinuka samaki na mvua.

"Bertille."

"Ndiyo, Mama Émérence."

"Mama yako hatakuja na boti ya kesho. Wala ingine yoyote. Mama Marceline alikufa kule Mpala, wakati anazaa. Wamemuzika kule."

Mchuuzi alishika mdomo wake. Bertille hakusogea. Aliendelea kutazama boti, ambako wanaume walikuwa wanashusha baiskeli kwa kamba.

"Wakati nilikuwa Ankoro?" akauliza.

"Ndiyo."

"Papa anajua?"

"Anajua."

"Na shangazi?"

"Anajua."

"Na Mwalimu Siméon?"

"Naye anajua."

"Na wewe?"

"Nilijua," Mama Émérence akasema. "Nilikuwa najua siku zote ulizokuja."

Bertille aliutazama muhogo mkononi mwake, akageuka, akamrudishia mchuuzi kwa mikono miwili kama alivyofundishwa.

"Asante, Mama," akamwambia. "Nimeshiba."

Baiskeli ya mwisho ilitua chini. Mama Émérence alingoja kilio, akajiandaa kumkumbatia, na kilio hakikuja.

"Mutoto wake amebaki," akasema. "Ni mzima. Ni mwanaume, yuko na bibi yako."

"Anaitwa nani?"

"Sijui, mama. Sikuuliza."

"Naye wanamwambia mama amesafiri?"

"Bado ni mudogo sana. Hasikii maneno."

"Akianza kusikia?"

Waliinuka. Mama Émérence alitaka kumshika mkono kama kila siku, lakini Bertille aliushika ukingo wa gunia, kisha mfuko wa sketi yake, na wakatembea hivyo hadi kambi ya reli, mmoja mbele kidogo ya mwingine, kati ya madimbwi. Mtoto hakuruka hata dimbwi moja. Aliyazunguka.

Shangazi Godelieve alipofahamu kilichosemwa bandarini, alimsimamia Mama Émérence uso kwa uso. "Nani amekutuma? Wewe ni nani katika ukoo huu?" Mama Émérence alisema hakutumwa na mtu. Hapo ndipo Bertille alipoanza kulia, si kwa sauti, amesimama kando ya mti wa ndimu, na shangazi yake alipomwendea alimpa mgongo. Akawapa wote wawili mgongo.

Papa Valère alirudi na treni kesho yake, na bila kubadilisha koti la kazi alikuja gardieni. Mama Émérence alimwona akiingia uani, akamwambia msaidizi awaanzishie watoto wimbo, akatoka kumpokea. Alikuwa tayari kutukanwa. Alikuwa amechoka kiasi kwamba angetukanwa akakubali, mradi iishe.

"Hataki kula," Papa Valère akasema. "Jana hakula na leo hakula. Nimemwekea kwa mkono wangu, amekataa. Ananiangalia tu."

"Amekuambia kitu?"

"Amesema, Papa, ulinidanganya mpaka nikalowana."

Alitazama huku na huku, akaona kibao cha watoto kando ya ukuta, akaketi. Kibao kilikuwa kifupi, magoti yake yakafika karibu na kidevu. Akafunika uso. Mabega yake mapana yalitikisika, na darasani wimbo ukafifia, kwa sababu watoto walikuwa wamejaa mlangoni wanamtazama. Msichana mmoja mdogo, Christiane, alitoka akaja hadi karibu naye, akainama kumchungulia chini ya mikono.

"Papa, nani amekupiga?" akamwuliza.

Papa Valère akatikisa kichwa tu. Baadaye, watoto waliporudishwa ndani, alimwambia Mama Émérence kwamba hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumlilia Marceline. Alisema pia kwamba ataomba likizo.

Ilimchukua hadi Noeli kuipata. Alikwenda Mpala na Bertille kwa boti, wakarudi baada ya mwaka mpya, na Mama Émérence alisikia habari kutoka kwake mwenyewe, njiani, wakitoka misa. Kaburi lilikuwa nyuma ya misheni, ng'ambo kidogo ya shamba la mihogo, limewekewa mawe meupe ya pwani. Bertille alisimama, akauliza kama ni kweli ndipo hapo, bibi akasema ni kweli. Akauliza mara ya pili. Kisha akaomba ampakate mdogo wake, aliyekuwa anaitwa Cyrille, akampakata muda mrefu mpaka mikono ikamfa ganzi, na hakutaka kupokewa. Mtoto walimwacha kwa bibi mpaka aache kunyonya.

"Na sasa anakula?" Mama Émérence akauliza.

"Anakula. Anafua nguo zake. Anaamka kabla yangu." Papa Valère alisita. "Lakini kila kitu ananiuliza kama ni kweli. Nikisema chai iko moto, ananiuliza kweli? Nikisema treni itarudi Ijumaa, kweli? Na mi siwezi tena kumujibu haraka. Nafikiri kwanza."

Bertille hakuja tena mlangoni. Kwa Mwalimu Siméon aliitika akiitwa Ngoie, na kabla ya Pasaka alikuwa anasoma vizuri kuliko wengi. Asubuhi alipita na kundi la wenzake, na wakati wenzake wakisema salamu yao ya haraka, yeye alitazama mbele. Mama Émérence hakumlaumu. Alijua kwamba mtu anayekuambia habari kama ile anabaki na habari hiyo usoni, na kila ukimwona unaisikia upya. Lakini zilikuwepo siku, hasa adhuhuri, kina mama wakiwa wamekusanyika, ambapo macho yake yalimtafuta mtoto wa kusimama mikono nyuma, na aliona haya kwa kumkosa. Maana yeye ndiye aliyemwondoa pale. Hakujuta. Kutojuta nako kulichosha.

Kiangazi kiliingia. Mwisho wa mwaka wa shule wadogo wake walifanya sherehe yao, wakacheza na kuimba mbele ya viongozi wa mtaa, wakagawiwa biskuti. Siku mbili tatu baadaye, shule kubwa ikiwa bado haijafunga, alipanda kilima kwenda kumwona sista mkuu kumwomba apumzike mwaka mmoja. Katikati ya kilima alikaa juu ya jiwe apate pumzi. Kutoka pale ziwa lilionekana lote, na mdomo wa mto Lukuga, na moshi wa kichwa cha treni.

Watoto wa shule kubwa walikuwa wanashuka. Bertille alikuwa kati yao. Alimpita, akaenda hatua chache, kisha akawaambia wenzake watangulie. Alikuwa amerefuka. Meno ya mbele yalikuwa yametoka mapya, makubwa kuliko uso wake.

"Jambo, Mama Émérence."

"Jambo, mama."

Alisimama akichora vumbi kwa kidole cha mguu.

"Bibi anasema mama alisoma kwako. Ni kweli?"

"Kweli. Darasa lilelile."

"Alikuwa analia?"

Mama Émérence alifikiri. Ilikuwa zamani, na watoto ni wengi.

"Kulia sikumbuki. Nakumbuka alimuuma sista kidole, akafungiwa sitoo, akalala mule. Tulipofungua alikuwa anakoroma."

Kitu kama tabasamu kilipita mdomoni kwa Bertille, kikafika kwenye yale meno mapya, kikarudi.

"Alikuwa mukubwa kama mimi?"

"Mudogo. Alikuwa anafika hapa." Mama Émérence alinyoosha kiganja hewani, kimo cha mtoto wa miaka mitano.

Bertille akasogea hadi kwenye kile kiganja. Kilimfikia begani. Akakitazama, akajitazama.

"Sasa nimemupita," akasema.

"Ndiyo. Umemupita."

Aliinamisha kichwa taratibu kukubali, kama mtu aliyepewa kitu akakiangalia na kukuta ni chenyewe. Kisha akaaga, akashuka kuwafuata wenzake, bila kukimbia. Mama Émérence aliushusha mkono wake. Alikaa juu ya jiwe mpaka sauti za watoto zikaisha upande wa kambi, halafu akajiinua kwa kushika goti, akaendelea kupanda.